Mistari Mgongoni kwa Saidi

19 Oktoba 1974
Mwalimu Yohana wa kisomo amesema kila aliyeweza kuandika jina lake apewe daftari, aandike habari za siku zake mpaka msimu wa korosho uishe. Mimi nimeweza. Jina langu Somoe. Umri wangu siujui. Wajukuu ninao kumi na mmoja na meno saba. Shuleni sikuwahi kukanyaga, herufi nimezijua uzeeni, na mstari mmoja unanichosha kuliko kupalilia. Haya machache nimeanza tangu asubuhi.

21 Oktoba
Korosho zimeanza kuanguka. Mgongo unauma.

22 Oktoba
Mwanakombo amekuja tuokote pamoja. Huyu ni mjukuu niliyemlea mwenyewe tangu mama yake afariki. Mumewe Saidi hakuja. Saidi ana sura nzuri, na hiyo sura anaitembeza. Nilimwuliza mjukuu wangu mume yuko wapi, akasema yuko kazini. Nikauliza kazi gani. Akainama kuokota korosho mahali pasipo na korosho.

23 Oktoba
Asha amepita kunisalimia. Huyu ndiye kungwi wa Mwanakombo, ndiye aliyekaa naye ndani akamfunza mambo ya kuishi na mume. Mjane, miaka arobaini hivi, msafi, mikono yake haitulii bila kazi. Mwanakombo humwendea kila Ijumaa kumweleza ya nyumbani kwake, maana mwari hamfichi kungwi wake kitu. Nampenda Asha. Mimi nilimfunza mtoto kupika, yeye akamfunza mengine yote.

25 Oktoba
Saidi ameungua. Amerudi alfajiri, mgongo umetoka malengelenge kuanzia mabegani mpaka makalioni. Anasema ni upupu, eti alilala shambani. Upupu nimeujua kabla baba yake hajazaliwa. Upupu unawasha, hauchubui.

27 Oktoba
Nilikwenda kumtazama mgonjwa. Mwanakombo alinisimamisha mlangoni, akasema amelala kifudifudi na hataki kuonekana. Niliona nyayo zake tu. Nikasema aitwe dresa wa zahanati. Mwanakombo akasema hataki, anaona haya.
Mwanamume anatembea usiku bila haya, ila mgongo unamtia haya.

28 Oktoba
Korosho. Korosho. Korosho.

31 Oktoba
Nilipeleka uji. Mjukuu wangu anapika, anafagia, amejipaka hina mikononi. Nikasema moyoni, huyu mtoto ana subira, mimi ningekwisha mmwagia uji. Nilipokuwa natoka nikamsikia Saidi ndani anaita, "Bibi?" Mwanakombo akasema, tumwache alale, usiku hakupata usingizi. Nikaenda zangu, nilikuwa na magunia mawili yanaanikwa na wingu limekaa vibaya upande wa Msimbati.

2 Novemba
Homa imempanda. Nimesema tena habari ya dresa. Mwanakombo amesema kesho.

3 Novemba
Mvua ndogo. Nimeanua korosho mara tatu, nimeanika mara tatu.

5 Novemba
Saidi amekufa leo kabla ya adhuhuri. Dresa aliitwa asubuhi, akakuta mwili unatetemeka na taya zimefunga. Alisema pepopunda imeingia kwenye vidonda, ilifaa tumwite wiki iliyopita. Nilitaka kumwambia tulitaka, yeye mwenyewe ndiye aliyekataa, ila maiti hasemwi.
Siku zote nilikuwa nikimwita mjinga. Leo nimemlilia kama wangu.

6 Novemba
Tumezika. Hapa niandike polepole, nina hasira.
Aliyeongoza kumwosha ni mjomba wake, Hamisi. Wametoka kumwosha, Hamisi akaja mpaka kwenye mkeka wa wanawake, ambako mwanamume hana kazi, akasimama mbele ya Mwanakombo. Akasema mgongo wa mpwa wake haukuungua kwa upupu. Ni mafuta ya maganda ya korosho. Kila mtu hapa anayajua, yanachubua ngozi mpaka nyama. Akasema mke alijua mume anatembea, akamngoja alale, akammwagia.
Mwanakombo alitazama mikono yake.
Nikasimama mimi. Nikamwambia Hamisi aende zake, hapa pana msiba, na kama ana ushahidi apeleke kwa balozi wa nyumba kumi. Akasema ndiko anakokwenda.

8 Novemba
Matanga yameisha. Balozi, mzee mpole asiyependa ugomvi, ametoa maneno yake: Ijumaa ya tarehe ishirini na mbili tukutane uwanjani penye ghala la korosho. Kwa kuwa Mwanakombo yuko ndani ya eda, mtu wake atamsemea. Akikosa jibu la maana, Hamisi anampeleka polisi Mtwara. Kule si mambo ya faini. Kule wananyonga.
Nimemwuliza mtoto mwenyewe kama alimmwagia mumewe mafuta. Akasema, "Hapana, Bibi." Namjua akisema uongo, sikio lake la kushoto huwa jekundu. Halikuwa jekundu.
Ila kujitetea hataki. Amekaa tu.

9 Novemba
Nimemwendea Hamisi. Si mtu mbaya, ana uchungu. Nimemwuliza ule mgongo ulikuwaje hasa, kwa maana sisi wanawake hatukuuona. Akasema una mistari. Mistari gani? Akachukua kijiti akanichorea mchangani: mistari inakwenda huku, mingine inakatiza, vikabaki visanduku vidogo kama viberiti. Ndani ya visanduku ngozi nzima. Kwenye mistari imechubuka.
Nikamwambia, mafuta yakimwagwa yanatiririka, hayachori visanduku. Akasema wachawi wana mambo mengi. Juzi mjukuu wangu alikuwa muuaji wa mafuta, leo amekuwa mchawi.
Nimerudi njia nzima nawaza visanduku. Nimefika kwangu, nimeketi kwenye kitanda changu cha kamba kuvua ndala, nikainuka tena.
Kamba.

11 Novemba
Nyumbani kwa Mwanakombo hakuna kitanda cha kamba. Wanalala kwenye kichanja cha miti kilichotandikwa mkeka. Basi Saidi alilala mgongo wazi kwenye kitanda cha mtu, na kamba zake zilikuwa zimelowa mafuta ya korosho.
Leo nimetembelea nyumba sita. Kila ninapofika nasema kiuno kimenikamata, nipeni kitanda nijinyooshe. Nimelala kwenye vitanda vyote vya kijiji hiki. Kwa mke wa balozi kamba zimelegea mpaka nilikuwa nagusa sakafu. Kwa mama yake Filipo nilikuta kunguni. Pengine pote kamba ni kuukuu na zimepangwa mbalimbali, kisanduku chake unapitisha ngumi. Si vile viberiti vya Hamisi.
Sasa kiuno kinauma kwelikweli.

12 Novemba
Nimelala kutwa. Korosho zimeokotwa na mbuzi wa jirani.

14 Novemba
Nilikwenda kwa Asha. Sikwenda kupeleleza, nilikwenda kupumzika. Nilitaka kukaa na mtu anayempenda mtoto wangu.
Nikamwambia kwa mazoea, nipe kitanda ninyooshe kiuno. Akasema hana kitanda, analala chini, chini kuna baridi nzuri. Akanitandikia mkeka chumbani. Nikalala. Nilipogeuka ubavu nikaona sakafuni vishimo vinne, miguu ya kitanda imekaa hapo juzijuzi, udongo bado mbichi. Na ile harufu. Harufu ya mafuta ya korosho haitoki nyumbani hata ukifagia mwezi.
Ikafika alasiri. Nikamwambia tuswali. Akasema yumo katika siku zake. Siku zote za matanga alisema hivyohivyo, wanawake wote tukiswali yeye anakaa pembeni. Tangu tarehe sita mpaka kumi na nne. Nikamwambia mwanangu hizo siku ni ndefu, umekwenda kwa dresa? Akacheka kidogo. Akainuka kunichukulia maji, na aliinuka kwa kushika ukuta, miguu imenyooka kama vijiti. Haikunji.
Nikayanywa maji. Magoti ya Asha hayawezi kugusa mkeka.
Nimezaa watoto sita, sihitaji kuchorewa mchangani. Mmoja kaungua mgongo, mwingine kaungua magoti.
Nimekuja nyumbani sikula.

15 Novemba
Nimeamka na hasira ileile. Kungwi. Mtoto anamwendea kila Ijumaa anamweleza mume wangu anapenda hivi, mume wangu anapenda vile, na yeye anasikiliza.
Ila vishimo vinne si ushahidi, na magoti ya mtu siwezi kuyafunua barazani. Kitanda chenyewe hakipo. Anayejua habari ya kitanda ni aliyekitengeneza, na hapa anayesuka kamba karibukaribu hivyo ni mmoja, Adelino, yule seremala aliyekimbia vita ng'ambo ya Ruvuma miaka minane iliyopita.
Nimekwenda karakana yake. Tupu. Vita imekwisha kwao, watu wanarudi. Ameondoka jana na mkewe Laurinda na watoto, wamekwenda mtoni kungoja mtumbwi.

17 Novemba
Naandika tukiwa njiani kutoka mto Ruvuma, tumepumzika, miguu imevimba kama mihogo.
Nilitembea tangu alfajiri. Kwenye mikoko maji yalinifika mapajani. Nimewakuta watu wengi ukingoni mwa mto, wana mabunda, kuku, milango ya nyumba zao. Adelino alikuwa anapakia randa na misumeno. Nikamwamkia, nikamweleza yote, kwamba mjukuu wangu atanyongwa kama yeye hatarudi kusema neno moja.
Alisikitika. Akasema, "Mama, mimi naogopa mambo ya polisi. Mimi mgeni. Miaka minane nangoja mtumbwi huu."
Sikubishana. Niliingia mtumbwini nikakaa juu ya bunda la godoro. Mwenye mtumbwi akaniambia nitoke. Nikamwambia anitoe yeye. Hakuna mwanamume aliyethubutu kumshika bibi kizee mbele za watu. Tukakaa hivyo, jua likapanda, watu wakaanza kugombana na Adelino badala ya kugombana nami.
Mwisho Laurinda, mkewe, akamwambia mumewe, "Nenda naye ukaseme, urudi. Ukikataa tutavuka naye huyu, na huko mimi nitamlisha mpaka afe."
Adelino akavaa viatu.
Njiani nikamwuliza kitanda kile alimtengenezea nani. Akanijibu bila kuficha, kwake ilikuwa kazi tu. Nikamwambia kitanda hakipo tena, labda kimechomwa. Akasimama njiani. Akasema alichonga maua kwenye kichwa cha kitanda kile kwa siku mbili. Nadhani hilo ndilo lililomfanya aache kuogopa polisi.

22 Novemba
Leo ndiyo leo, na sasa imepita. Niandike nisije nikasahau.
Tulikaa uwanjani penye ghala, wengine juu ya magunia. Hamisi akasema yake. Nikasema yangu: mistari, visanduku, kamba, na kwamba kichanja cha Mwanakombo hakina kamba hata moja, aende anayetaka akaangalie. Kisha nikamsimamisha Adelino.
Adelino akasema kwa Kiswahili chake kwamba mchwa wa huku ni wabaya, hivyo kitanda kipya yeye hukipaka mafuta ya maganda ya korosho, miti na kamba pia. Mchwa hagusi. Lakini mtu naye asiguse. Kinakaa juani mpaka kikauke. Mwezi wa kumi alitengeneza kimoja tu, akakipeleka mwenyewe, na mwenyewe akamwambia mwenye kitanda: siku kumi na nne, usilale.
Balozi akauliza mwenye kitanda ni nani. Adelino akatazama chini.
Kutoka upande wa wanawake Asha akasema, "Alisema saba."
Hakuna aliyekuwa amemwuliza.
Adelino akasema, "Kumi na nne, mama. Nilikuonyesha kwa vidole."
"Saba. Ulionyesha mkono mmoja na vidole viwili."
"Mara mbili. Nilionyesha mara mbili."
Nikamwuliza mimi, na sauti yangu niliisikia imechoka. "Asha, mlingoja ngapi?"
Akasema, "Tatu."
Kwanza alicheka mama yake Filipo. Kisha uwanja mzima. Watu walilala juu ya magunia kwa kucheka, na mtu tumemzika wiki mbili tu. Hamisi peke yake hakucheka. Alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake, mabega yanatikisika, na hakuwa anacheka.
Kicheko kilipokwisha kikageuka. Wakaanza kumwita Asha muuaji. Sijui nani alitupa bibo la kwanza. Mabibo ya korosho yaliyooza yako tele msimu huu. Asha hakukimbia, magoti hayakumruhusu. Alisimama anapigwa mabibo, akanitazama mimi, akasema maneno haya ambayo nayaandika kama yalivyo:
"Miaka minne mtoto alikuja kwangu kila Ijumaa akanisimulia mume wake. Mnafikiri masikio yangu ni ya mti?"
Balozi akasema Mwanakombo hana kosa. Akasema Asha aondoke hapa kijijini.
Adelino sikumwona akiondoka.

23 Novemba
Nimemweleza Mwanakombo kuwa yote yamekwisha, yuko salama. Nilidhani atalia kwa furaha au atamtukana Asha. Aliuliza tu kama mabibo yalimwumiza.

26 Novemba
Asha amekwenda kwa kaka yake Rahaleo, mjini. Nyumba yake watoto wameing'oa mlango.

5 Desemba
Mvua kubwa. Korosho zilizobaki zimeota.

19 Desemba
Hamisi amemletea Mwanakombo kuku. Hakuingia ndani. Alimwacha kuku mlangoni, amefungwa miguu.

2 Januari 1975
Mwanakombo hali. Namlisha kwa mkono kama nilivyomlisha mdogo. Nasema ni eda, nasema ni joto.

11 Januari
Mwalimu Yohana ameomba daftari alisome. Nimemwambia limelowa mvua.

14 Januari
Leo nilikuwa namsuka nywele. Alikuwa amekaa chini, mgongo wake kwangu, na labda kwa sababu hakuniona uso ndiyo maana alisema.
Alisema alijua. Siku ile ya kwanza tu Saidi alipovua shati. Kitanda kile alikiona kinaanikwa nyuma ya nyumba ya Asha, na maua yake, na Asha alimwambia ni cha wageni. Alipoona ile mistari hakuhitaji kuambiwa. Hakupiga kelele. Alimlaza kifudifudi, akachemsha maji, akampoza.
Nikaendelea kusuka. Nikasema, lakini Saidi mwenyewe ndiye aliyemkataa dresa.
Akasema, "Siku mbili za kwanza. Ya tatu akaniomba nimwite. Nikamwambia kesho. Ya nne akaniomba, nikamwambia kesho."
"Siku ile ya uji aliniita mimi."
"Alitaka wewe ukamwite."
Mikono yangu ilisimama. Nilitaka kumpiga, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshika kitana na nilitaka kumpiga nacho. Nikamwuliza kwa nini. Nikamwuliza kama alitaka afe.
"Sikutaka afe. Nilitaka apone polepole. Alikuwa nyumbani, Bibi. Siku kumi na moja. Tangu tuoane hakukaa siku tatu. Anakula ninachopika, anauliza niko wapi nikitoka kuchota maji. Nikajua akipona tu, ataondoka."
Nikaangalia sikio lake la kushoto. Halikuwa jekundu.
Nilimaliza mistari iliyobaki ya nywele, maana kichwa hakiwezi kuachwa nusu. Kisha nikamvuta kifuani na akalia mpaka kanga yangu ikalowa. Sikumwambia nimemsamehe. Saidi ndiye aliyekuwa na haki hiyo, mimi sina. Nilimwambia ale. Akala kidogo.

16 Januari
Nimewaza siku mbili. Nikisema, wanamchukua. Nisiposema, Asha anabeba kifo chote peke yake, na mimi ndiye niliyemtwika. Nilikaa mtumbwini kwa ajili hiyo.

18 Januari
Nimekwenda mjini juu ya magunia ya lori la korosho. Nimemkuta Asha huko Rahaleo nyuma ya nyumba ya kaka yake, anapepeta mchele. Amekonda. Alipotaka kuinuka kunipokea nikamzuia, magoti yamepona lakini yamebaki na makovu meusi yaliyokakamaa, na kukunja bado anakunja kwa shida.
Tulikaa. Alinieleza habari ya bei ya nazi. Nikamweleza habari ya mvua. Hatimaye nikamwambia nilichokuja nacho. Nikasema, "Asha, hukumwua wewe."
Akaacha ungo. "Nani basi?"
Nikamwambia anipe maji ya kunywa.
Alinitazama sana. Huyu ndiye aliyemsikiliza Mwanakombo kila Ijumaa miaka minne, namna mtoto yule anavyopenda anaijua kuliko mimi. Nikaona uso wake unalijua jambo polepole, kama mtu anayesoma herufi moja moja. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. Akaenda akaniletea maji kwenye bilauri, akanipa kwa mikono miwili.
Hakuuliza tena, na najua hatamwuliza mtu.
Nikanywa. Akasema, "Mwanangu amebakiza siku ngapi za eda?"
Nikamwambia atatoka katikati ya Machi.
Akasema, "Nani atamwogesha siku ya kumtoa?"
Nikasema hiyo ni kazi ya kungwi wake, tangu zamani, na mimi mikono yangu inatetemeka.
Alipepeta mchele mara mbili tatu bila kuutazama. Akasema atakuja. Atashukia mbali, atapita mikokoni kwa nyuma, watu wasimwone.
Nikamwambia apite njia kubwa.